Wameshashinda, mbona bado wanapiga tu? Jibu kwa Mama Zuhura wa Mikanjuni

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha tatu, anacheza kriketi ya shule hapa Tanga. Jumamosi wamepigwa vibaya sana, wenzao wamefika mikimbio 168 sisi tukaishia 11 wote nje. Karudi analia, chakula hataki. Kaka yake ili kumtuliza akamwonyesha kwenye simu kwamba hata timu ya taifa ya wanawake ya Mali iliwahi kuishia 6 kwenye mashindano ya Kigali, na Tanzania yetu ikawapiga 285. Mimi ndo nikashangaa zaidi. Hivi hizo kweli ni mechi za kimataifa? Na timu ikishajua imeshinda kwa nini isiwahurumie wenzao ikapunguza? Na huyu mtoto aendelee au ndo basi tena? Mama Zuhura, Mikanjuni.

JIBU:

Marahaba mama Zuhura, na pole kwa binti, mfikishie na ya kwangu. Maswali yako matatu ukiyatazama vizuri ni kama swali moja tu, na hilo la katikati la huruma ndo limebeba mengine yote, kwa hiyo ntaanza na hao Mali afu nirudi hapa kwetu kwa Zuhura, maana kwa Zuhura nina mengi ya kusema.

Hayo mashindano yanaitwa Kwibuka, ni neno la Kinyarwanda, maana yake kukumbuka. Warwanda waliyaanzisha 2014 kuwakumbuka waliouawa kwenye mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, na huwa yanachezwa Kigali mwezi Juni, siku hizi kwenye uwanja wa Gahanga uliofunguliwa 2017. Ni ya timu za taifa za wanawake ambazo bado zinakua, majirani majirani hivi, Rwanda wenyewe, Uganda, Kenya, sisi, na wageni wanaoalikwa kutoka mbali kidogo. Tanzania tuna heshima yetu pale, 2022 tulibeba kombe kwa kuwafunga Kenya fainali.

Sasa 2019 Mali wakaalikwa. Tarehe 18 Juni wakakutana na wenyeji Rwanda, wakaanza wao kupiga. Sijui kama umewahi kukaa karibu na kitabu cha skora, mimi nimekaa navyo tangu ujana wangu mpaka leo, kila mpira unaorushwa lazima uandikwe, mpigaji akipata mkimbio mmoja (ndo bao la kriketi) unaandika 1, akipata nne unaandika 4, asipopata kitu unaweka nukta. Ukiwaza ukurasa wa Mali wa siku ile ni kama mtu kamwaga ufuta kwenye karatasi. Ova 9 (ova moja ni mipira sita), nukta, nukta, nukta, afu sehemu moja tu kwenye mstari wa mpigaji mmoja kuna 1. Hiyo 1 ndo mkimbio pekee uliotoka kwenye bati timu nzima, mitano mingine ilikuwa ya bure, waidi (mpira uliorushwa mbali na mpigaji), mipira iliyopenya na iliyogonga miguu. Jumla 6. Rwanda wakamaliza kazi kwa mipira 4, yaani hata ova moja haikuisha. Siku mbili baadaye Uganda wakawapiga 314 kwa wiketi 2, yaani wapigaji wao wawili tu walitolewa, wapigaji wawili wa Uganda, Prosscovia Alako na Rita Musamali, kila mmoja akavuka mia, na zaidi ya 50 kwenye hizo 314 zilikuwa za bure, waidi na noboli, yaani mipira iliyorushwa kinyume na kanuni (hili likumbuke, ntalirudia kwa Zuhura). Mali wakajibu 10. Afu ndo wakatuangukia sisi, Fatuma Kibasu akapiga 108 bila kutoka, tukafika 285 kwa wiketi 1 tu, Mali wakaishia 17.

Je ni za kimataifa? Ndiyo, kabisa, na ziko kwenye rekodi za dunia. Zamani ICC, yaani baraza la kriketi la dunia, waliwapa hadhi ya kimataifa mataifa machache tu, nyingine zote mkicheza ni kama bonanza, unaweza kupiga mia na jina lako lisionekane popote. Wakabadilisha, kuanzia tarehe 1 Julai 2018 mechi yoyote ya T20 (kila timu inapiga ova 20) ya wanawake kati ya nchi mbili wanachama ikawa ya kimataifa, na wanaume wakafuata tarehe 1 Januari 2019. Kwa hiyo Mali walifika Kigali hata mwaka haujatimia tangu mlango ufunguliwe, wakajikuta wameandikwa kwenye kitabu kilekile kimoja na Australia na Uingereza.

Kuna watu wengi wenye heshima kwenye huu mchezo walisema pale ICC wamekosea, kwamba rekodi zimeharibika. Mimi sikubaliani nao. Rekodi ni karatasi, unaweza kuisoma kwa akili. Ila bila ile hadhi hakuna pointi za viwango, bila viwango serikali na wafadhili wanakuuliza nyie ni nani, na mtoto wa kike wa Bamako au wa Tanga anabaki anacheza mchezo ambao hauhesabiki. Kosa lililokuwepo ni la upangaji, timu inayojifunza kushika bati ukaiweka mechi baada ya mechi mbele ya watu ambao wamecheza miaka. Hilo Afrika wamelirekebisha kidogo, 2023 mchujo wa wanawake wa kombe la dunia uligawanywa madaraja mawili, la pili likachezwa Botswana na la kwanza Uganda. Wanaume nao wana kanda ndogo ndogo kwanza ndo wanakutana wakubwa. Hata hivyo vipigo havijaisha, Oktoba 2024 pale Nairobi Zimbabwe waliwapiga Gambia 344, Sikandar Raza peke yake 133, na Novemba mwaka huohuo kule Nigeria timu ya wanaume ya Ivory Coast iliishia 7. Wanaume wazima mama Zuhura, 7. Kwa hiyo hiyo 11 ya akina Zuhura ina wenzake.

Haya, tuje kwenye huruma.

Wewe ni mtu wa Tanga, umezoea mpira wa miguu, hata kama huendi Mkwakwani unasikia kelele Coastal wakicheza. Unajua timu mbili zikilingana pointi wanaangalia magoli ya kufunga na kufungwa, kwa hiyo timu inayoongoza mbili bila haikai chini, inatafuta la tatu. Kriketi nayo ina kitu hichohicho ila chenyewe ni kikali zaidi, kinaitwa neti ranreti. Mashindano haya ya mchujo ni mafupi, wiki moja au siku kumi timu zimeshaondoka, mnacheza mechi tatu nne tano basi, kwa hiyo kulingana pointi ni jambo la kawaida sana, na kinachoamua nani anapanda ndege ya kwenda mbele ni hiyo namba. Hesabu yake ni hivi: chukua mikimbio yote mliyopata kwenye mashindano gawa kwa ova mlizopiga, hapo unapata kasi yenu, afu chukua mikimbio yote mliyofungwa gawa kwa ova mlizorusha, hiyo ni kasi ya wapinzani wenu, toa ya pili kwenye ya kwanza. Na kuna kanuni moja ndogo ambayo watu wengi hawaijui, timu ikitolewa wote kabla ova hazijaisha inahesabiwa kama ilipiga ova zote 20. Ukitolewa ova ya 12 unaadhibiwa na zile 8 ambazo hukucheza.

Nikupe mfano wa kubuni, chukua kalamu. Timu yetu imecheza mechi tatu. Ya kwanza tumepata 120 kwa ova 20 wenzetu 100 kwa ova 20, tumeshinda. Ya pili tumetolewa wote kwa 90 ova ya 15 (inahesabiwa 20), wenzetu wakafikisha 91 kwa ova 18, tumefungwa. Ya tatu tumekutana na timu changa, tumewatoa kwa 30, nao wanahesabiwa ova 20, tunahitaji 31. Hapa ndo penye swali lako. Tukizifikisha kwa ova 5, jumla yetu ni 241 kwa ova 45 ambayo ni 5.36, wapinzani 221 kwa ova 58 ambayo ni 3.81, tofauti tuna 1.55. Lakini tukiwahurumia, tukagonga gonga taratibu tukamaliza kwa ova 12, jumla yetu ni 241 ileile ila sasa kwa ova 52, inakuwa 4.63, toa 3.81 tunabaki na 0.82. Ushindi uleule, pointi zilezile, ila tumejipunguzia karibu nusu ya neti ranreti kwa ova 7 za upole. Na timu ya pembeni ambayo imelingana na sisi pointi haijamhurumia mtu. Jioni yake wao wanaendelea na mashindano sisi tunafungasha mabegi.

Mimi hili limenikuta. Miaka ya nyuma nilikuwa na vijana wangu kwenye mashindano fulani ya shule, tukalingana pointi na wenzetu, na aliyekuwa kwenye meza ya hesabu akaandika ova 18.4 akaigawa hivyohivyo kwenye kalkuleta kama vile ni kumi na nane nukta nne. Siyo. Ova ina mipira sita, kwa hiyo 18.4 ni ova 18 na mipira minne, ambayo kwenye hesabu ni 18.67. Ki-tofauti kidogo hicho kikatutoa. Nilipinga, nikaonyesha karatasi, wakaniambia matokeo yameshatangazwa. Vijana walilia kwenye basi dogo kutoka uwanjani mpaka stendi na mimi sikuwa na la kuwaambia. Tangu siku hiyo kila mtoto anayepita mikononi mwangu lazima ajue kupiga hesabu ya neti ranreti mwenyewe, awe anapenda hesabu asipende.

Jambo lingine, hata kama mtu anataka kupunguza, kwenye T20 nahodha haruhusiwi kusema sisi inatosha tumefunga zamu yetu ya kupiga. Kwenye kriketi ya siku tano inaruhusiwa, T20 hapana. Mei 2025 kule Bangkok kwenye mchujo wa Asia wa wanawake, Falme za Kiarabu walikuwa 192 bila kupoteza wiketi dhidi ya Qatar, mvua inakuja, wanaogopa mechi isiharibike. Unajua walifanyaje? Waliwatoa wapigaji wao wenyewe mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anaingia uwanjani anageuka anatoka, wote kumi wakahesabiwa wamestaafu, ili tu zamu iishe waanze kurusha. Wakawatoa Qatar kwa 29. Ndo njia pekee iliyokuwepo. Na waliifanya kwa ajili ya ushindi.

Afu kuna hili ambalo haliandikwi kwenye kanuni yoyote lakini kila aliyecheza analijua. Mtu akikupunguzia unajua. Mrushaji akianza kukurushia mpira kama anamrushia mtoto wa chekechea, wachezaji wa pembeni wakawa wanapiga stori, ile inauma kuliko 11. Nimewahi kuwaona wasichana wa timu iliyokuwa inapigwa vibaya wakasimama wakamwambia kocha wa wenzao, mwambie arushe kama anavyorusha siku zote. Wale Mali walisafiri toka magharibi kabisa ya Afrika mpaka Kigali kujua dunia iko wapi, na Uganda na sisi tuliwaonyesha. Ungewaficha wangerudi nyumbani hawajajua kitu. Ila heshima ina pande mbili, mpige mwenzio kwa nguvu zako zote halafu mwisho mshike mkono, umwonyeshe ulivyoshika bati, umpe hata glavu za akiba kama unazo. Walimu wa ile timu iliyowafunga akina Zuhura kama hawakufanya hivyo basi hapo ndo penye kosa lao, siyo kwenye zile 168.

Na usidhani hao wanaopiga wenzao leo hawajawahi kuwa upande wa pili. 1975 kwenye kombe la dunia la kwanza kabisa la wanaume kule Uingereza, Afrika Mashariki tulipeleka timu moja, wachezaji wametoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wengi wao watu wenye kazi zao. New Zealand wakatufunga kwa mikimbio 181, Uingereza kwa 196, India wakafikisha 123 bila kupoteza hata wiketi moja. Mechi tatu, vipigo vitatu. Miaka 21 baadaye, 1996 kule Pune, Kenya wakawatoa West Indies wote kwa 93 na kuwafunga kwa 73, na 2003 Kenya haohao wakafika nusu fainali ya kombe la dunia. Rwanda wenyewe wa hiyo Kigali ambao wakati huo nao walikuwa bado wachanga, 2023 wasichana wao wa chini ya miaka 19 walikwenda kombe la dunia Afrika Kusini, Henriette Ishimwe akawatoa Zimbabwe wanne kwa mipira minne mfululizo, afu wakawafunga na West Indies. Uganda wanaume waliwafunga Zimbabwe Windhoek Novemba 2023 wakaenda kombe la dunia 2024, kule nako wakatolewa wote na West Indies wakiwa na 39 tu, na katika mashindano hayohayo mzee wao Frank Nsubuga mwenye miaka 43 akarusha ova zake 4 dhidi ya Papua New Guinea akaruhusu mikimbio 4 tu na kupata wiketi 2. Wiki moja tu hiyo, furaha na kipigo cha rekodi kwa timu ileile.

Na sisi tunapanda, hilo nalisema nikiwa na furaha moyoni. Septemba 2024 mchujo wa wanaume wa kanda ndogo ulichezwa Dar, viwanja vya Gymkhana na Chuo Kikuu, tukavuka sisi na Malawi. Mwaka uliofuata Harare tukawekwa kundi moja na Zimbabwe, Uganda na Botswana, watu wakatuandikia kifo, tukatoka pale mpaka nusu fainali, Namibia ndo wakatusimamisha kwa mikimbio 63. Mechi moja tu ilibaki tuwe kombe la dunia la wakubwa. Na vijana wa chini ya miaka 19 wao wamefika kabisa, walishinda mchujo wa Afrika kule Nigeria 2025, mara ya kwanza katika historia ya nchi hii kupeleka timu kwenye kombe la dunia la kriketi kwa jina la Tanzania.

Sasa Zuhura.

Kwanza mwambie aombe kile kitabu cha skora kwa mwalimu wake, apige picha kurasa zote mbili. Watu wote wameangalia 11 na 168, mimi nataka aangalie vitu vitatu vingine. Kwenye ukurasa wa wenzao ahesabu waidi na noboli ni ngapi. Kila waidi inawapa mkimbio mmoja na mpira unarudiwa, kwa hiyo unawalipa na kuwaongezea nafasi ya kukupiga tena. Sitashangaa kabisa akikuta fungu kubwa la hizo 168 ni zawadi, kama ilivyokuwa kwa Mali na Uganda. Hilo ni jambo la kurekebisha bila bati wala pesa, wekeni ndoo au tofali uani, mtu asimame hatua 22 za kawaida za mtoto mkubwa (pichi yenyewe, yaani njia kati ya mrushaji na mpigaji, ni mita 20.12), arushe mpira wa tenisi mara 30 kila jioni kabla ya magharibi, anahesabu ngapi zimegonga. Aandike. Wiki ya kwanza akigonga 6 asivunjike moyo, namba itapanda yenyewe.

Pili ahesabu walidumu ova ngapi. Kama walitolewa ova ya 7, basi lengo la mechi ijayo lisiwe kushinda, lengo liwe ova 12. Wakifika 12, inayofuata 16. Timu changa inayomaliza ova zake zote 20 hata ikipata 45 tu imekua timu, na kumbuka ile kanuni niliyokwambia ya kutolewa wote, ukidumu hata namba yako inapona. Waanze kwa kuzuia tu, bati iliyonyooka karibu na mguu, mpira uanguke chini miguuni. Watoto wengi wanaoanza wanataka kupiga siksi, mpira uruke mpaka nje ya uwanja, kwa sababu wameona kwenye simu, na ndo wanaondoka mpira wa pili.

Tatu aangalie hizo 11 zimetoka kwa nani. Kuna mtu kwenye hiyo timu kapata 3 au 4 mbele ya warushaji wazuri kuliko wao, huyo ni nani, alisimamaje? Asije akawa ni Zuhura mwenyewe na hajui kwamba amefanya kitu.

Afu mama Zuhura wewe kama mzazi kuna mambo mawili nakuomba uyaulize shuleni, uyaulize kwa upole lakini uyaulize. Mpira wanaotumia ni upi? Mpira wa wanawake unatakiwa uwe na gramu 140 mpaka 151, wa wanaume ni 156 mpaka 163, na mara nyingi shule inakuwa na boksi moja tu la wa wanaume wanarushiwa wote. Mkononi unaonekana ni uleule ila kidole cha mtoto kinajua tofauti. Na la pili, helmeti. Pichi zetu nyingi hapa ni saruji imetandikwa zulia, mpira ukigonga pale unapanda juu kuliko kwenye majani, unakuja usoni. Kama hakuna helmeti basi mazoezi yawe ya mpira wa tenisi mpaka ipatikane, usikubali kuambiwa wataizoea. Wazee wetu wengine walicheza kwenye mikeka ya usumba bila chochote kichwani na wengine wana alama mpaka leo, hizo si sifa za kurithisha mtoto.

Hilo la aendelee au asiendelee sitakuamulia, ni mwanao na unajua masomo yake na kazi za nyumbani. Ila umesema karudi analia. Mimi nimefundisha watoto wengi, wale waliokuwa hawana mapenzi na mchezo wakipigwa hivyo hurudi wanacheka, kesho yake hawaji tena mazoezini. Anayelia mpaka kuacha chakula anaona alichokuwa anakitaka kimempita. Usimkatishe sasa hivi, mpe mpaka mwisho wa muhula huu, afu muongee tena nyie wawili.

Hizo picha za kitabu akizipata nitumie, nitazisoma mpira kwa mpira na kumwandikia yeye mwenyewe. Na kama Jumamosi hii ana nafasi, nakuwa uwanjani kuanzia saa mbili asubuhi na watoto wengine wa kike, wapo kama tisa hivi, aje na maji ya kunywa na viatu vya raba, bati zipo mbili tunabadilishana.